Fundi wa Meza Hii ni Nani?

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi mijini, meza moja hufanya kazi ya meza nne. Asubuhi hubeba chai na mkate. Mchana huchambuliwa mchele juu yake au hukatiwa nguo. Jioni watoto huizunguka na madaftari yao. Na usiku, wageni wakisha kuondoka, wazazi huketi hapo wakipiga hesabu za mwisho wa mwezi. Meza hubeba yote hayo wala hainung'uniki. Lakini tukimwuliza mwenye nyumba ni nani aliyeitengeneza, aghalabu atajibu kwamba aliinunua barabarani, na hapo habari huishia.

Redio iliyo juu ya meza hiyo ina jina la kiwanda. Saa ya ukutani inalo. Hata kiberiti kina jina. Meza peke yake, ambayo pengine imegharimu mshahara wa mwezi mzima, haina baba wala mama.

Yamkini msomaji atasema kuwa hilo ni jambo dogo. Makala haya yanashikilia kwamba si dogo hata kidogo. Penye jina la fundi, pana mtu wa kuulizwa kazi ikiharibika, na pana mtu wa kusifiwa kazi ikidumu. Pasipo jina, mbao mbichi hupita, misumari hupita mahali pa kiungo, na fundi hodari hulipwa sawa na fundi mzembe. Tutalitazama jambo hili kutoka Kigoma na Ujiji, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, kwa sababu huko kazi ya mbao ina historia ndefu, na mafunzo yake yafaa kwa kila nyumba ya mjini.

BARAZA KABLA YA MEZA

Mwaka 1871, Henry Stanley alipomkuta Dakta David Livingstone mjini Ujiji, wazungu hao wawili hawakuketi mezani. Stanley mwenyewe ameeleza katika kitabu chake kuwa walikaa barazani, juu ya sakafu ya udongo iliyoinuliwa, ikatandikwa mkeka na ngozi ya mbuzi. Na ngozi nyingine ilipigiliwa ukutani ili mgongo usiguse ubaridi wa udongo. Mazungumzo yale yaliyotangazwa duniani kote yalifanyika bila kiti wala meza.

Huo haukuwa umaskini. Nyumba ya mwambao na ya bara ilikuwa na adabu yake ya kuketi: baraza kwa wageni, mkeka kwa chakula, na sinia katikati ya walaji. Hata neno lenyewe, meza, tulilipokea kutoka kwa Wareno. Kwa hiyo meza ni mgeni katika nyumba zetu, ingawa kwa sasa amekuwa mgeni asiyeondoka.

Hata hivyo, mgeni ni meza tu, si ufundi wa mbao. Wasafiri waliofika Ujiji katika karne ya 19 waliandika habari za mitumbwi mikubwa iliyochongwa kwa magogo ya ng'ambo ya magharibi, katika milima ya Ugoma, kisha ikavushwa ziwani. Kuchagua mti, kuuangusha usipasuke, kuuchimba kwa tezo hadi uwe na kuta nyembamba zenye unene mmoja, na kuufikisha majini ukiwa mzima: huo ni ufundi wa hali ya juu. Watu wa ufuo huu walijua mbao kabla ya kuijua meza. Walichokosa ni mtu wa kuandika majina ya mafundi wao.

MELI ILIYOKUJA KATIKA MASANDUKU

Kazi mashuhuri kuliko zote za ufundi zilizopata kuonekana Kigoma si ya mbao, bali ni ya chuma. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli iliyoitwa Graf von Götzen. Ilipokwisha kuundwa ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha ikasafirishwa kuelekea Kigoma kwa njia ya Reli ya Kati, iliyofika ziwani mwaka 1914. Huko Kigoma vipande viliunganishwa upya, na mwezi Februari 1915 meli ikashushwa majini. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita. Ikaopolewa mwaka 1924. Na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina ambalo kila mtu wa ufuo huu analijua: Liemba.

Mafundi watatu kutoka Papenburg waliosimamia kazi ile wanajulikana kwa majina: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Hao wameandikwa vitabuni. Lakini wao hawakuweza kuinua mabamba ya chuma peke yao. Waafrika wengi walibeba, walishika na waligonga pamoja nao, na walikuwapo pia mafundi wa Kihindi. Msomaji na ajaribu kutafuta majina ya hao katika masimulizi ya kawaida ya Liemba, atachoka bure.

Meli ile yatufundisha jambo la pili pia. Kitu kilichofungwa vipande katika sanduku, kikasafirishwa na kuunganishwa mwisho wa safari, si uvumbuzi wa maduka ya siku hizi. Michael Thonet, fundi aliyefanya kazi Vienna, Austria, alitoa mwaka 1859 kiti chake namba 14, kilichotengenezwa kwa vipande sita vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo. Kwa sababu hiyo kiti kile kilisafiri dunia nzima, na jina la Thonet likasafiri nacho.

Leo meza za sanduku zinauzwa katika kila mji wetu. Nyingi si mbao halisi, bali ni unga na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, juu yake pakabandikwa karatasi yenye picha ya mninga. Siku ya kwanza zinapendeza. Zikipatwa na maji ya mvua au ya kudekia, kingo zake hufura kama mkate uliotiwa chai, na skrubu zikitoka mahali pake hazirudi kushika. Bado watu huzinunua, kwa sababu zina sanduku, zina jina, na zinapatikana siku ile ile. Fundi wa barabarani hushindwa na jina kabla hajashindwa na bei.

FUNDI WA NG'AMBO ALIYEPATA JINA LAKE

Tuvuke ziwa, twende magharibi. Katika nchi ya Waluba na Wahemba, mashariki ya Kongo, machifu walikuwa na viti vya enzi vilivyobebwa na sanamu ya mwanamke. Baadhi ya viti hivyo vilichukuliwa Ulaya wakati wa ukoloni, vikawekwa katika nyumba za makumbusho bila jina la aliyevichonga, kana kwamba vimeota kama uyoga.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Frans Olbrechts, mtaalamu wa Ubelgiji, alivitazama kwa makini akaona kuwa kadhaa vyafanana mno: nyuso ndefu zenye huzuni, na mikono mikubwa kupita kawaida. Akaamua kuwa ni kazi ya mkono mmoja, au ya karakana moja. Kwa kuwa hakumjua mwenyewe, fundi huyo akaitwa kwa jina la kijiji cha Buli, ambako baadhi ya kazi zilipatikana. Ilipofika miaka ya 1970 ndipo utafiti uliofanywa huko Kongo ulipoleta jina la mtu: Ngongo ya Chintu. Wako wataalamu wanaoona mikono ya zaidi ya fundi mmoja katika kazi hizo. Lakini jambo kubwa limekwisha tendeka: mtu aliyekuwa "kabila" katika kitabu cha makumbusho amekuwa fundi mwenye jina. Kazi hizo leo zinaonekana Ubelgiji, London na New York, na thamani yake ni kubwa mno.

Msomaji atambue kuwa kiti chenyewe hakikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba watu walianza kuuliza ni nani.

WENYE MEZA ZA KISASA

Huko Marekani na Ulaya, ile inayoitwa meza ya kisasa imejengwa juu ya desturi hiyo ya kuuliza. Eero Saarinen, mzaliwa wa Finland aliyefanya kazi Marekani, alichukizwa na msitu wa miguu chini ya meza na viti. Mwaka 1957 kampuni ya Knoll ikaanza kuuza meza yake yenye mguu mmoja tu katikati, ulioinuka kama shina la ua. Isamu Noguchi, mchonga sanamu, alibuni katika miaka ya 1940 meza ndogo ya sebuleni yenye vipande viwili vya mbao vya umbo moja, kimoja kikiwa kimepinduliwa, na kioo kizito juu yake. Meza hiyo imeigwa kila mahali, hata zile zilizo halisi hutambuliwa kwa saini yake.

Lakini mwenye mafunzo makubwa zaidi kwetu ni George Nakashima, Mmarekani wa asili ya Kijapani. Yeye alikuwa msanifu wa majumba. Mwaka 1942, wakati wa vita na Japani, serikali ya Marekani iliwaweka kambini watu wa asili yake, yapata 120,000, naye akapelekwa na familia yake katika kambi ya Minidoka, jimbo la Idaho. Humo kambini alimkuta seremala aliyeitwa Gentaro Hikogawa, bingwa wa ufundi wa Kijapani wa kuunganisha mbao. Msanifu mwenye shahada akawa mwanafunzi wa seremala, wakitumia mbao mabaki na chochote kilichookotwa.

Alipotoka, Nakashima alifungua karakana Pennsylvania. Meza zake zilijulikana kwa jambo moja: hakuuficha mti. Aliacha ukingo wa gogo ulivyoota, wenye mikunjo yake, na penye ufa aliupigia kipande cha mbao chenye umbo la kipepeo ili usiendelee, kisha akakiacha kionekane. Chini ya meza aliandika jina la mteja aliyeiagiza. Alifariki mwaka 1990, na karakana yake ingali ikifanya kazi. Wala jina la Hikogawa halikupotea, kwa sababu mwanafunzi wake alilitaja.

Mkoa wa Kigoma unajua habari za makambi kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, na tangu mwaka 2015 ikapokea pia maelfu ya Warundi. Mtu akikimbia vita huweza kuacha nyumba, ng'ombe na vyombo vya kazi. Ufundi huvuka naye mpaka. Kisa cha Minidoka kinatukumbusha kwamba mwalimu wa useremala anaweza kuwa yule asiye na cheti wala jina mlangoni.

Afrika Mashariki nayo imeanza kuandika majina yake. Jomo Tariku, aliyezaliwa Kenya kwa wazazi wa Ethiopia na kukulia Addis Ababa, anaishi Marekani akibuni viti kutokana na vigoda vya Kiafrika na pembe za wanyama wa Ethiopia. Kazi yake imeingia katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Huyo ndiye aliyehesabu samani zilizouzwa na makampuni makubwa ya dunia, akaona kuwa zile zilizobuniwa na watu weusi hazikufika hata moja kati ya mia.

Hapa nchini, mtaa wa Keko, Dar es Salaam, umejulikana kwa miaka mingi kwa vitanda, makabati na meza. Watu husema kwa fahari, "Hii ni samani ya Keko." Hiyo ni hatua njema, kwani mahali pamepata jina. Lakini fundi wa Keko bado yuko pale alipokuwa yule wa Buli kabla ya kuulizwa.

BOTI YATAKA MAJI, MEZA YAKATAA

Sasa turudi ufuoni. Huko Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, msomaji ataona boti za mbao zinazobeba abiria, mizigo na wavuvi wa dagaa. Mbao zake hupangwa ubavuni, na nafasi kati yake hukalafatiwa kwa pamba yenye mafuta. Boti ikishushwa majini, mbao hunywa maji, hufura, na viungo hujibana. Maji ndiyo yanayokaza kazi ya fundi.

Kwa meza mambo ni kinyume. Ubao uliopasuliwa juzi una maji mengi ndani yake. Ukikaa katika nyumba kavu hutoa maji hayo kidogo kidogo, na kila utoapo husinyaa. Tena hausinyai kwa urefu, bali kwa upana. Tuchukue mfano: meza ya upana wa sentimita 90 ikisinyaa kwa 4 kwa mia itapungua sentimita 3.6. Ikiwa fundi ameupigilia misumari ubao huo pande zote, hauna njia ya kupungua ila kupasuka. Ndiyo maana meza iliyonunuliwa masika, nzuri kama kioo, huonyesha nyufa mwezi Agosti, wakati Kigoma imekwisha kukaa miezi bila mvua.

Dawa yake inajulikana. Ubao wa samani hufaa uwe umebakiwa na maji ya kiasi cha 12 kwa mia hivi ya uzito wake mkavu. Kwa kuanika kivulini, mbao zikiwa zimepangwa na vijiti kati yake ili upepo upite, desturi ya maseremala ni kungoja yapata mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Banda dogo la karatasi ya nailoni linalokusanya joto la jua hufupisha muda huo sana.

Kama dawa inajulikana, kwa nini haitumiwi? Sababu si ujinga wa fundi. Sababu ni fedha. Fundi wa barabarani hununua mbao kwa malipo ya awali ya mteja. Mteja ataka meza baada ya wiki mbili, kwa kuwa ana arusi au mgeni. Fundi hana akiba ya kununua mbao leo akazitumie mwakani. Basi hutumia alichopata, naye anajua kwamba ufa utakapotokea hatakuwapo wa kuulizwa. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Meza isiyo na jina humruhusu mteja kuharakisha, na humruhusu fundi kunyamaza.

MTI WA MIAKA MINGI

Jambo hili lina uzito mwingine. Misitu ya miombo ya magharibi ndiyo inayotoa mninga na mkora, mbao ambazo babu zetu waliziheshimu, na mkurungu, ambao katika miaka ya karibuni umetafutwa sana na wafanyabiashara wa ng'ambo. Miti hii hukua polepole, kwa miongo mingi. Mwaka 2019 mkurungu uliwekwa chini ya masharti ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Na mwaka 2022 masharti hayo yakapanuliwa kwa jamii nzima ya mninga na ya mkora katika Afrika.

Maana yake kwa mwananchi ni nyepesi. Mti uliochukua umri wa mtu kukomaa ukigeuzwa meza ya kudumu miaka mitatu, msitu umeibiwa. Ukigeuzwa meza ya kurithiwa, msitu umelipwa. Kwa kazi za kawaida kuna mtiki na miti mingine ya kupandwa, nayo ikikaushwa vizuri hutoa meza imara. Mninga ungojee kazi inayoustahili.

PINDUA MEZA KABLA HUJALIPA

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Wengi hutazama mng'aro wa vanishi na kugonga juu kwa vidole, kisha hulipa. Uso wa meza ni mahali ambapo fundi huweka uzuri. Ukweli huuweka chini. Kwa hiyo, ukienda kununua, muombe fundi aipindue, na utazame haya:

Kwanza, viungo. Mahali mguu unapokutana na fremu pawe na ulimi ulioingia katika tundu na kutiwa gundi, si misumari mitupu. Shika miguu miwili uivute na kuisukuma. Ikicheza leo, mwakani italala.

Pili, jinsi uso ulivyofungwa. Fundi mzuri hufunga uso wa meza kwa vibao au skrubu zilizo katika matundu marefu kidogo, ili mbao ipate nafasi ya kufura wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Misumari iliyopigwa kutoka juu na kufichwa kwa unga wa mbao na gundi ni dalili mbaya.

Tatu, ukavu. Mbao mbichi ni nzito kupita kiasi, huhisiwa baridi mkononi, na hunuka utomvu. Muulize fundi mbao zimekaa kwake tangu lini.

Nne, upande wa chini. Kama juu pamepakwa vanishi na chini pameachwa wazi kabisa, unyevu utaingia upande mmoja na ubao utapinda.

Tano, vipimo. Meza ya kulia hufaa iwe na kimo cha sentimita 75 hivi, na kiti chake 45. Tofauti hiyo ya sentimita 30 ndiyo nafasi ya magoti na mapaja. Mtoto anayeandikia meza ya kimo cha mabega yake hataipenda shule.

Sita, jina. Kama halipo, liulize.

Wengine watasema kuwa meza ya namna hiyo ni ghali. Tupige hesabu ya mfano. Meza ya shilingi 150,000 inayodumu miaka mitatu hugharimu shilingi 50,000 kwa mwaka. Meza ya shilingi 400,000 inayodumu miaka ishirini hugharimu shilingi 20,000 kwa mwaka, na mwisho wake yaweza kurandwa upya na kupewa mtoto anayeanza maisha. Ni kweli kwamba mshahara haungoji hesabu ya miaka ishirini. Ndiyo maana mapatano ya kulipa kwa mafungu, yenye maandishi na jina, yanafaa pande zote mbili: mteja hupata muda wa kulipa, na mbao hupata muda wa kukauka.

KAZI IPO, JINA LIFUATE

Njia zimekwisha funguliwa kiasi. Mwezi Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutoza ushuru wa 35 kwa mia kwa bidhaa kadhaa zitokazo nje ya Jumuiya, samani zikiwamo. Ushuru humpa fundi wetu nafasi, lakini haukaushi mbao zake. SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na vyuo vya VETA, vinahudumu mkoani Kigoma kama mikoani kwingine. Mafundi watano wa mtaa mmoja wa Ujiji au Mwanga wakishirikiana kununua shehena moja ya mbao na kuianika pamoja, kila mmoja wao atakuwa na mbao kavu mwaka ujao. Peke yake hakuna awezaye.

Tusisahau dawati, maana dawati nalo ni meza. Mwaka 2016, ada zilipofutwa na wanafunzi kufurika, nchi nzima ilihangaikia madawati, hata Bunge likatoa shilingi bilioni 6 za akiba yake kwa kazi hiyo. Dawati lililoandikwa chini yake jina la fundi na mwaka lingekuwa mwalimu wa pili darasani. Lingemfundisha mtoto kwamba vitu havioti, hutengenezwa. Na lingemwonyesha mkuu wa shule mahali pa kurudi miguu ikilegea.

Tena reli mpya inakuja. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Reli ya 1914 ilileta meli katika masanduku. Hii mpya nayo italeta masanduku, tena mengi na kwa haraka zaidi. Swali kwa maseremala wa ufuo huu ni kama mabehewa yatarudi matupu, au yatarudi na meza za Kigoma zinazoulizwa kwa jina huko Tabora, Dodoma na Dar es Salaam.

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza. Methali hiyo ni ya kweli sokoni ambako kila mtu anamjua mwenzake. Katika miji yetu ya leo, kizuri kisicho na jina hulala barabarani kikinyeshewa, na kibaya kilicho na sanduku kikapita. Lakini wahenga hao hao walisema pia kuwa chanda chema huvikwa pete, na pete ya fundi ni jina lake juu ya kazi yake.

Haihitaji sheria wala kamati. Kalamu ya wino usiofutika yatosha, au patasi ndogo na dakika tano. Siku utakayoagiza meza, ndugu msomaji, mwambie fundi aandike chini yake mambo manne: jina lake, mji, aina ya mti, na mwaka. Mwenye kusita kuandika, ujue amekwambia kitu kuhusu mbao zake. Mwenye kuandika bila kusita, mlipe haki yake kamili, na wageni wakiisifu meza, watajie jina lake.